Mama wa Kukodi

Ukikutana na Gathoni mjini Nyeri utamsalimia kwanza, halafu ndipo ujiulize ni shangazi wa nani. Uso wake ni wa namna hiyo. Umeshauona kanisani, kwenye foleni ya benki, kwenye mazishi ya jirani, au ndivyo unavyodhani. Ukweli ni kwamba uliuona ukiwa kidato cha tatu, siku kikundi cha maigizo kilipokuja shuleni kuwaigizia kitabu cha mtihani, na yeye akafa kabla ya mapumziko. Au uliuona kwenye tangazo la mafuta ya kupikia, mkono ukimimina, kichwa kimekatwa nusu. Miaka ishirini na ushei ya kazi, na hakuna anayelijua jina lake. Hilo lilimuuma, na asikudanganye mtu kwamba halikumuuma.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, kazi zilipokauka kabisa, alifunga safari kutoka kwake Skuta hadi studio ya Minal, pale mjini, kupigwa picha mpya za uso. Mwigizaji huishi kwa picha hizo. Mtu wa Nairobi anayetafuta mama wa tamthilia hataki kukusikia ukieleza unaweza nini. Anataka uso wako wa juzi, bila miwani, bila kofia, bila mjukuu begani, na chini yake jina, kimo na umri unaoweza kuuigiza. Zile picha za Gathoni za zamani zilikuwa za mwanamke mwingine, mwembamba, mwenye matumaini.

Minal alizaliwa Nyeri, baba mkwe wake alikuwa amepiga picha za vitambulisho za nusu ya mji, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Aunty Gathoni, usismile," alimwambia. "Ukismile unakaa mtu anauza kitu. Niangalie tu. Mimi ni mtoto yako, nimechelewa kurudi nyumbani, na wewe hujakasirika."

Gathoni alimwangalia hivyo. Taa ikamulika. Minal akaitazama picha kwenye kioo cha kamera, akasema hiyo ndiyo.

Ilikuwa picha nzuri kupita kiasi. Ilikuwa na macho ambayo mtu anaweza kuyaambia jambo lolote. Minal aliiweka kwenye ukurasa wa studio pamoja na za waigizaji wengine, ambapo yeyote mwenye simu angeweza kuiona, na Gathoni akarudi Skuta kungoja. Aliyengoja kazi ya uigizaji anajua kungoja kwenyewe ndiyo kazi. Kabla ya Krismasi Minal alimpigia kumwambia kuna mteja ameagiza picha hiyo ichapishwe kubwa, ya ukutani.

"Nilifikiria ni kijana yako," Minal alisema. "Alikuita Mum."

Gathoni hakuwa na kijana. Alikuwa na binti mmoja, yuko Ruiru, na binti huyo hangeagiza picha ya mamake hata kwa kulazimishwa. Alidhani Minal amechanganya wateja, akalisahau jambo hilo.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kijana aitwaye Moffat akampigia.

Walikutana kwenye mkahawa wa ghorofani, karibu na soko. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, sauti ya chini. Alimvutia kiti. Alimmiminia maziwa kwenye chai kabla hajaomba, na kiasi kilikuwa sawa. Tangu salamu ya kwanza alimwita Mum, na Gathoni, aliyezoea vijana wa Nairobi wanaomwita "madam" huku wakiangalia simu, alijisikia vizuri.

"Mama yangu aliaga nikiwa mdogo," Moffat alieleza. "Baba pia. Sasa nimepata msichana wa Kagio, anaitwa Nyawira, na hao watu wao ni wa kienyeji sana. Hawawezi ongea na kijana hana watu. Nataka mama wa ruracio. Siku moja tu."

Sisi wa huku hatushtuki kusikia hivyo siku hizi. Mtu aliyefiwa, mtu aliyekosana na wazazi, mtu ambaye babake ni mlevi wa kuaibisha, wote hukodi. Ruracio ni siku ya kupeleka watu wako kwa watu wa msichana mkaongee mahari, na usipokuwa na watu, unatafuta. Gathoni mwenyewe alishakuwa mama mara moja Mweiga na shangazi mara moja Othaya. Tena Moffat alikuwa ameshampata mjomba: Wambugu, mwigizaji mwenzake Gathoni, mzee wa kofia na fimbo aliyeozesha vijana wengi kiasi kwamba alisema kasisi anapaswa kumgawia sadaka. Kazi ilikuwa halali, au karibu na halali. Gathoni akakubali.

Mazoezi yalifanyika nyumbani kwa Moffat, Kerugoya, nje kidogo ya mji. Nyumba ilikuwa nyuma ya ua wa kayaba uliokatwa sawasawa. Gathoni alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni, na akajikuta anatazamana na yeye mwenyewe.

Ilikuwa ile picha ya Minal. Ilitundikwa juu ya runinga, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, na juu ya fremu kitambaa cheupe cha kufuma, kama tunavyowafanyia wazazi wetu. Nywele zake zilikuwa zimetiwa mvi kwa kompyuta. Kuzunguka fremu, rangi ya ukuta ilikuwa mpya zaidi, pembe nne, kuonyesha kwamba kwa muda mrefu kulikuwa na fremu nyingine hapo, kubwa kuliko hii.

"Hii imekaa hapa tangu lini?" Gathoni aliuliza.

"Kitambo, Mum. Nyawira anaipenda sana. Akija lazima aisalimie."

"Lakini wewe umeniita juzi."

"Nilijua utakubali," Moffat akasema, akaenda kuleta chai.

Wambugu alicheka, akasema na yeye anataka ya kwake, awekwe pale karibu na friji. Gathoni hakucheka. Aliogopa kidogo, na chini ya woga huo kulikuwa na kitu kingine kilichomwaibisha: furaha. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuitundika picha yake ukutani.

Moffat hakuwa ameandika chochote. Alikuwa nayo yote kichwani. Aliwapa jina la marehemu baba, ugonjwa uliomuua, kijiji walichotoka, sababu ya kuhama, sababu ya mama kukaa mbali na Kerugoya siku hizi, hata jina la ng'ombe aliyeuzwa kumlipia karo. Alisema kila jambo kwa upole, akawauliza, wakajibu, akawasahihisha. Gathoni alifanya kazi na waelekezaji wa kila aina, wenye kelele na wenye mikono mirefu, na hakuwahi kupata aliyejua anachotaka kama huyu.

Walipofika karibu na mwisho alimtuma Wambugu dukani kuleta mkate, akakaa karibu na Gathoni.

"Kuna kitu moja imebaki. Nyawira anaweza kukuuliza Lynn ako wapi. Labda hatauliza, lakini mimi hupenda kujipanga. Akiuliza, unapumua kwanza. Alafu unasema, Lynn alienda Qatar, na hata mimi hakuniaga. Hapo kwa 'hata mimi' ndio machozi inatoka."

"Lynn ni nani?"

"Ni msichana tulikuwa tunakaa na yeye. Aliondoka."

"Na mbona nilie?"

"Kwa sababu ulikuwa unampenda, Mum."

Wakarudia. Mara ya kwanza chozi lilichelewa. Mara ya pili lilitoka sawa lakini sauti ikapanda. Moffat alitikisa kichwa pole pole.

"Usikimbie. Yule mwingine alikuwa analia mapema sana. Anaharibu."

"Mwingine gani?"

Moffat alisimama, akaenda ukutani, akainyoosha fremu ambayo haikuwa imepinda.

"Chai itapoa, Mum," akasema.

Wewe uliyekaa kwako utasema angechukua viatu vyake aende. Na ni kweli, angeenda. Lakini mwambie mwigizaji kwamba mwingine aliyekuwa na sehemu hiyo aliiharibu, uone kama atasikia kitu kingine siku hiyo. Gathoni alirudia mstari ule mpaka ukawa wake. Alipoondoka aliweza kuusema huku akifunga kamba za viatu, na chozi likaja mahali pake bila kuitwa. Kwenye gari la kurudi Nyeri aligundua kwamba alikuwa anamlilia kweli msichana asiyemjua, akashikwa na baridi, akafunga dirisha.

Siku ya ruracio kulikucha na jua. Kina mama wa kanisa la Moffat walikuja na vikapu, wamefunga leso, na wote walimsalimia Gathoni kwa furaha na kumwita Mama Moffat, kwa sababu picha yake walishaiona. Kabla hawajafika kwa kina Nyawira, Moffat alisimamisha magari, akapitisha kikapu, akaomba kila mtu wa upande wao aache simu, zisije zikalia wazee wakiongea. Ni adabu nzuri, ungesema. Simu ya Gathoni ikaingia, na mkoba wake ukabaki kwenye kiti cha gari la Moffat.

Boma la Gicheru, babake Nyawira, lilikuwa ndani kabisa, mbali na barabara ya lami, katikati ya mashamba ya nyanya. Gicheru huuza nyanya Kagio, kwa hiyo hata siku ya sherehe makreti yalikuwa yamepangwa kando ya lango. Lango lilikuwa limefungwa kama desturi inavyotaka. Waliimba, wakajibiwa kwa wimbo, wakaambiwa hapa hakuna mtu, wakaimba tena. Mzee Mutahi, msemaji wa upande wa msichana, alitoa kichwa na kuwauliza kama wamepotea njia ya kwenda hospitali. Wambugu akajibu kwamba wanatafuta mwana-kondoo wao aliyeonekana akiingia hapa. Mutahi akasema hapa hufuga kuku tu. Watu wakacheka, faini ya kuchelewa ikatozwa, lango likafunguliwa. Ruracio yetu ni mchezo mtupu kuanzia langoni. Kila mtu husema kitu kisicho kweli, na kila mtu anajua, na mwenye kukasirika hutozwa faini.

Baada ya chai, mama wa Nyawira alimshika Gathoni mkono, akampeleka chumbani akamwone mkaza mwana wake. Alimwacha humo na kufunga mlango.

Nyawira alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kahawia lenye shanga. Alikuwa mrefu, msichana wa mikono mikubwa, mwalimu wa chekechea. Alisimama, akamkumbatia Gathoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Maitu," alisema, na kumwita mtu maitu ni kumwita mama wa tumbo lako. "Nimesalimia picha yako tangu Krismasi. Nikiwa na wasiwasi nilikuwa naiangalia. Najiambia, mtu amelelewa na huyu mama hawezi kuwa mbaya."

Nyawira alimwachia, akamtazama usoni.

"Nataka kukuuliza kitu moja, na usikasirike. Kuna mama alinisimamisha hapa soko ya Kagio. Alisikia naolewa na Moffat. Akaniuliza, Lynn ako aje? Lynn ni msichana wa huyo mama. Alikuwa anakaa na Moffat hapo Kerugoya. Ati alienda Qatar, miaka mbili sasa. Hapigi simu. Anatuma tu message, anasema ako sawa, ako busy." Nyawira aliketi tena. "Lakini huyo mama aliniambia hizo message zinakuja na Kiswahili. Na yeye na Lynn walikuwa wanaandikiana Gikuyu siku zote. Mama hajui Kiswahili ya kusoma. Lazima aite jirani amsomee."

Nje kina mama walikuwa wanaimba.

"Wewe ulikaa na Lynn," Nyawira akasema. "Lazima wewe unajua. Ukiniambia ako Qatar, nitaamini, nitatoka huko nje nikunywe ule uji wa ruracio. Na kama hayuko, niambie. Sitauliza kitu ingine."

Gathoni alipumua. Na akausikia mwili wake ukifanya kazi yake wenyewe: kifua kikapanda, mstari ukaja mpaka kwenye ulimi, na kwenye jicho la kushoto chozi likaanza kujikusanya mahali pale pale lilipofundishwa. Ndipo akaelewa. Swali hili alipewa jibu lake kabla hajauona uso wa msichana huyu. Mtu asiye na kitu moyoni hajui ataulizwa nini. Moffat alijua, na alijua hata pumzi ingekuwa wapi.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi wawili wa Nyawira waliingia wakicheka, wakasema wazee wamechoka kungoja, wakamshika msichana huku na huku na kumtoa. Nyawira aligeuza kichwa kumtazama Gathoni mpaka alipopita mlangoni.

Hema lilikuwa limejaa. Gicheru na mkewe mbele, wazee wao kushoto, wageni kulia. Watu wa boma hilo ni wa kanisa, hawagusi muratina, ile pombe ya kienyeji, kwa hiyo kibuyu kilijazwa uji uliochacha. Msichana atakunywa kidogo, kisha atampa babake, na babake akinywa mambo yamekwisha: ameposwa mbele ya watu, na kurudi nyuma ni aibu ya ukoo. Nyawira alishikishwa kibuyu. Moffat alikuwa amekaa mikono magotini, amependeza.

Mzee Mutahi akasimama.

"Kabla msichana hajanywa," akasema, "nataka kusikia kwa mama. Huyu kijana ni wako? Tukikupatia msichana wetu, utamchunga?"

Ni swali la kupita tu. Mama husema ndiyo, hupiga vigelegele, watu hukaa. Gathoni alisimama.

"Huyu si mtoto wangu," alisema. "Mimi naitwa Gathoni. Ni mwigizaji, nakaa Skuta. Nimekodiwa. Msimpatie huyu msichana yenu."

Hema zima likaangua kicheko. Mzee mmoja alipiga fimbo chini kwa raha. Hawakuwahi kuona mama wa mvulana akiucheza mchezo kwa ukali namna hiyo.

"Faini," Mutahi akatangaza. "Mama amemkana mtoto mbele ya wakwe. Hiyo ni mbuzi, na mbuzi ya mafuta."

"Sichezi," Gathoni akasema. "Mzee, nisikize. Sichezi."

"Hata mimi singecheza na mbuzi yangu ikienda," Mutahi akajibu, na kicheko kikarudi upya.

Gathoni alimtazama Wambugu. Wambugu alikuwa amepauka, kofia mkononi. Alimwona akifikiria, na akamwona akichagua. "Dada yangu hapendi kuachia mtu huyu kijana," Wambugu akasema kwa sauti ya jukwaani. "Tangu zamani ana wivu na yeye." Watu wakapiga makofi. Wambugu alikaa, kisha akainuka tena, akapita nyuma ya hema kama mtu anayeenda haja, na hakuonekana tena siku hiyo.

Gathoni akasema mara ya tatu. Alitaja kikundi chake cha maigizo, akamtaja Minal, akasema picha yake ilipigwa studio na kijana akainunua. Safari hii kicheko kilitoka vipande vipande. Mama Nyawira alitoa simu yake, akaifungua, akaionyesha wazee waliokaa karibu. Ilikuwa ile picha, yenye mvi.

"Mama, lakini huyu si wewe?" akauliza kwa huruma. "Si Krismasi ulitutumia salamu? Tumekuwa na sura yako hapa kwa nyumba."

Hapo ndipo Moffat alisimama. Hakuharakisha. Alitazama chini, akapumua, na alipoinua uso machozi yalikuwa yamefika, sawa kabisa, hayakuwahi wala hayakuchelewa.

"Naomba msimcheke," alisema. "Mum amekuwa mgonjwa tangu baba atuache. Kuna siku ananikana. Kuna siku anasema ni mtu wa sinema. Leo asubuhi alikuwa sawa, nikafikiria tutamaliza. Ni makosa yangu. Alikosa dawa."

Kimya kiliingia humo hemani, na kilikuwa kibaya kuliko kicheko, kwa sababu kilikuwa cha wema. Kina mama walishika vifua. Mzee Mutahi alivua kofia, akaomba radhi kwa ile faini. Gathoni alijaribu kusema na akaona kila neno analosema linazidi kumfanya mgonjwa. Alikuwa ametumia maisha yake kuwafanya watu waamini kwamba ni mama wa mtu, na sasa alishindwa kuwatoa kwenye imani hiyo.

"Na Lynn?" Nyawira akauliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kibuyu bado mikononi. Moffat aligeuza kichwa. Hakumwangalia Nyawira. Alimwangalia Gathoni, akingoja mstari wake.

"Simjui Lynn," Gathoni akasema. "Lakini nilifundishwa kukujibu. Alinikalisha kwake, akaniambia utaniuliza, akaniambia niseme Qatar, akaniambia nilie wapi. Sikuwa nimekuona hata siku moja."

Nyawira aliinama, akakiweka kibuyu chini kwenye nyasi, wima, bila kumwaga. Kisha akapita katikati ya wazee, akaingia ndani ya nyumba.

Fujo ilianza hapo. Gicheru alimfuata bintiye, mashangazi wakamfuata Gicheru. Wazee walijitenga, wakarudi na uamuzi wa wazee: msichana hajakataa, ameshtuka tu, na mtu yeyote angeshtuka. Jambo liahirishwe mpaka mama apone. Walimwambia Moffat hivyo wakimshika bega. Mtu alifunga mlango wa chumba cha Nyawira kwa nje, apumzike, asisumbuliwe. Gathoni alisikia mlango huo ukipigwa kutoka ndani, mara nyingi, na sauti ikisema kitu, lakini kina mama wa boma walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kufariji.

Alitembea kuelekea langoni. Alikusudia kufika kwenye lami kwa miguu, asimamishe yeyote. Alipofika kwenye makreti ya nyanya alisikia nyayo, akashikwa mkono, taratibu. Walikuwa mama Nyawira na mmoja wa mashangazi.

"Mama, sio huko," wakamwambia. "Gari iko hapa."

"Mimi si mamake," Gathoni akasema. "Nipatieni hata simu. Nipigie mtu mmoja."

"Utapiga ukifika. Kijana amesema usisumbuke."

"Nawaomba nilale hapa. Hata kwa jikoni."

Wanawake wawili walitazamana, na macho yao yalilowa. Ni vibaya kumwona mama wa mtu akiwa hivyo. Mama Nyawira alivua leso yake mwenyewe, akamfunika mabegani, kwa kuwa wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani na upepo umekuwa wa baridi. Gathoni alijaribu kuutoa mkono wake, na hapo ndipo alipogundua jinsi wauza nyanya walivyo na nguvu. Hawakumvuta. Walimbeba tu, kila mmoja upande wake, wakimwambia pole, pole mama, mpaka kwenye gari.

Moffat alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. Magari mengine ya kanisa yalikuwa yamekwishaondoka. Mkoba wa Gathoni ulikuwa pale pale kwenye kiti. Kikapu cha simu hakikuwepo.

Walimketisha. Shangazi alimvutia mkanda, akaufunga, akaupigapiga kuhakikisha umeshika. Mama Nyawira aliinama dirishani, akamshika Gathoni shavu, kisha akamtazama yule kijana aliyekuwa anawasha gari.

"Akifika tu, mpe dawa yake," akamwambia. "Na usimwache peke yake."

"Simwachi," akasema Moffat, na milango yote ikajifunga.